Bendera Mbili Kwenye Lami ya Monaco

Swali: "Mzee, shikamoo. Juzi nimetazama video ya mashindano ya langalanga ya Monaco ya mwaka 1994, wiki mbili tu baada ya Ayrton Senna kufa. Madereva wamesimama kimya dakika moja, halafu injini zikawashwa wakaondoka kama hakuna kilichotokea. Kwetu Pangani mtu akifa hata redio ya jirani inazimwa. Je, ni pesa tu? Na yule dereva mwenzake wa timu ya Williams, alipata wapi moyo wa kuingia kwenye gari la aina ile ile iliyomuua bingwa?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nianze na pesa ili tuimalize mapema. Ndiyo, pesa ilikuwepo. Tiketi zilikwishauzwa, televisheni zilikuwa na mikataba, wadhamini walikuwa wamelipa ili majina yao yaonekane bandarini Monaco. Mtu akikuambia mashindano yale yalifanyika kwa heshima ya marehemu tu, mwache aseme, wewe usimwamini. Ila ukiishia kwenye pesa utakuwa umeona nusu, tena ile nusu isiyohitaji macho makali.

Umesema waliondoka kama hakuna kilichotokea. Rudisha video nyuma, kabla magari hayajaondoka, utazame mbele kabisa ya safu. Kwenye langalanga magari hujipanga mawili mawili kwa kupishana kidogo, mwenye muda bora wa mchujo akiwa mbele ya wote. Jumapili ile ya tarehe 15 Mei, mwenye muda bora alikuwa Michael Schumacher, na ilikuwa mara yake ya kwanza maishani kuishika nafasi hiyo. Lakini pale mbele hayupo. Pako patupu. Mahali pa gari la kwanza pamepakwa rangi za bendera ya Brazil, mahali pa gari la pili rangi za Austria, na Schumacher na wenzake wote wamesogezwa nyuma.

Brazil ni ya Senna, hilo unalijua. Austria ni ya Roland Ratzenberger, na wengi wanaosimulia habari hii humsahau. Alikuwa na miaka 33, amehangaika na mbio ndogo ndogo mpaka kufika langalanga, na timu yake ya Simtek ilikuwa miongoni mwa zile maskini kabisa. Alikufa Jumamosi tarehe 30 Aprili pale Imola, Italia, bawa la mbele la gari lake lilipokatika akiwa kwenye mchujo. Senna akafa kesho yake. Kumwekea Ratzenberger mahali pake kwenye safu ya mbele, mtu ambaye kwa gari lile asingeifikia safu hiyo hata kwa bahati, ni jambo la adabu. Huwa nasimama kwenye picha ile kila ninapoiona.

Umetaja msiba wa Pangani, basi tukae hapo hapo. Mimi nimelelewa Pwani, na unajua kama ninavyojua kwamba matanga yana mwisho wake. Ipo siku ya kuanua tanga. Siku hiyo watu hawafurahi, na marehemu hajasahauliwa. Familia inakaa kikao: marehemu anadaiwa na nani, watoto watakaa kwa nani, kilichomuua ni nini. Baada ya hapo jiko linawashwa, na mvuvi anarudi baharini, bahari ile ile hata kama ndiyo iliyomchukua ndugu yake. Monaco 1994 mimi naiona hivyo. Mazishi yalikwishafanyika kwingine: Senna alizikwa São Paulo tarehe 5 Mei, Brazil ikiwa imetangaza maombolezo ya kitaifa ya siku tatu, na miongoni mwa waliobeba jeneza alikuwepo Alain Prost, hasimu wake wa miaka mingi. Ratzenberger alizikwa Salzburg siku mbili baadaye, watu wachache. Max Mosley, aliyekuwa rais wa shirikisho la magari duniani, alikwenda Salzburg, akaeleza baadaye kwamba wakubwa wote walikuwa wamekwenda kwa Senna.

Kama unatafuta mahali pa kukasirika, usikasirikie Monaco. Kasirikia Imola.

Wengi hawajui mfuatano wake. Ijumaa, Rubens Barrichello alirushwa juu ya ukingo na kugonga uzio, akanusurika. Jumamosi, Ratzenberger. Jumapili, magari yanaondoka tu, gari la JJ Lehto likazima pale pale kwenye mstari, Pedro Lamy akaligonga kwa nyuma, vipande vikaruka mpaka kwa watazamaji. Gari la usalama likaingia, likawaongoza taratibu mizunguko michache, likatoka. Mzunguko wa saba, kwenye kona ya Tamburello, Senna akaenda moja kwa moja badala ya kukata kushoto. Alitoka barabarani akiwa na kasi ya kama kilomita 310 kwa saa, akakanyaga breki, akaufikia ukuta wa zege akiwa na kama 210. Pigo lenyewe huenda angelihimili. Gurudumu la mbele la kulia lilirudi nyuma likamfikia kichwani, na kipande cha saspensheni kikapenya kwenye helmeti. Kingepita sentimita chache pembeni, yamkini angeteremka kwa miguu yake.

Helikopta ikampeleka Bologna. Kisha, dakika 37 hivi baada ya ajali, mashindano yakaanza upya.

Hapo ndipo pa kuuliza swali lako. Saa hiyo Senna alikuwa hajatangazwa kufa. Tangazo lilitolewa hospitali saa 12:40 jioni. Waandaaji wanaweza kujikinga na hilo. Lakini walioliona gari lile kwa karibu walijua. Erik Comas alijua. Kwa makosa ya mawasiliano aliruhusiwa kutoka piti, kule mafundi wanakohudumia magari, wakati barabara imefungwa, akafika Tamburello kwa kasi, akasimama, akaona. Comas huyo huyo mwaka 1992, pale Spa, Ubelgiji, alipoteza fahamu ndani ya gari katikati ya barabara, na aliyesimamisha gari lake na kumkimbilia kwa miguu kumsaidia alikuwa Senna. Comas hakurudi kwenye safu kuanza upya. Waliobaki walikimbia mpaka mwisho, Schumacher akashinda, na jukwaani hakuna aliyefungua shampeni. Yale ndiyo mashindano yaliyofanyika maiti ikiwa bado ndani ya nyumba, kama tungesema kwetu. Nimekagua magari ya rali kwa zaidi ya miaka 20, nimeona maamuzi mengi ya haraka, na ule naamini ulikuwa uamuzi mbaya.

Mimi habari niliipata usiku redioni. Ilikuwa Mei Mosi, nimechoka na maandamano ya wafanyakazi, na mtangazaji aliisema katikati ya habari nyingine kama mtu anayesoma bei za mazao. Nilizima redio. Kwa hiyo jirani yako wa Pangani namwelewa.

Sasa njoo Monaco. Huko hawakuanza Jumapili. Alhamisi asubuhi, mazoezi ya kwanza kabisa, Karl Wendlinger wa timu ya Sauber alitoka kwenye lile handaki lililo chini ya hoteli, akapoteza gari kwenye breki, akagonga kizuizi kwa ubavu. Akaingia kwenye koma iliyodumu karibu wiki tatu. Naye Muaustria. Sauber wakaliondoa gari lao la pili pia, wakafunga virago. Hebu jiweke kwenye viatu vya dereva wa siku ile: wiki mbili, wawili wamekufa, wa tatu hajulikani kama ataamka.

Kwa desturi ya Monaco ya enzi zile, Ijumaa magari hayatoki. Ni siku ya kupumzika. Ijumaa hiyo ya tarehe 13, madereva wakakaa kikao, wakakifufua chama chao kilichokuwa kimekufa tangu mwaka 1982. Wakawateua wasemaji: Schumacher, Gerhard Berger, Christian Fittipaldi, na bingwa mstaafu Niki Lauda. Siku hiyo hiyo Mosley akatangaza mabadiliko ya magari yatakayoingia kwa awamu ndani ya msimu ule ule: mabawa kupunguzwa nguvu, uzito kuongezwa, na baadaye ubao chini ya gari ili lisiweze kulala chini mno na kuvutwa na hewa. Mafundi walilalamika kwamba hawapewi muda. Walikuwa na hoja, lakini katika wiki ile nani angewasikiliza?

Kwa nini nakwambia habari za kikao? Kwa sababu kikao kile kilikuwa cha Senna. Asubuhi ya siku aliyokufa, Imola, alizungumza na madereva wenzake juu ya kukifufua chama hicho ili wasemee usalama wao kwa sauti moja. Alijitolea kuongoza. Na walikubaliana waanze kwenye mashindano yatakayofuata, ambayo yalikuwa Monaco. Kwa hiyo kama Monaco ingefutwa, watu hawa wangetawanyika makwao, kila mmoja na hofu yake, na ahadi ya marehemu ingebaki hewani. Wasusia mashindano wangeweza kukutana hotelini, utasema. Wangeweza. Lakini madereva wa langalanga hawakuwa watu wa kukutana. Walikuwa watu wa kupishana. Monaco iliwaweka mahali pamoja, siku moja, bila magari.

Kuna jambo jingine watangazaji hulitaja haraka na kulipita. Kwenye safu ile ya Monaco hapakuwa na bingwa wa dunia hata mmoja. Prost alikuwa amestaafu mwisho wa 1993, Nigel Mansell yuko Marekani, Nelson Piquet alikwishaondoka, na Senna ndiye aliyekuwa wa mwisho. Zaidi ya hapo, tangu mwaka 1984 mpaka 1993 Monaco haikuwa imeshindwa na mtu mwingine yeyote ila Prost mara nne na Senna mara sita. Lilikuwa kundi la vijana lisilo na mzee. Ndiyo maana walimtafuta Lauda, mtu aliyeungua usoni Nürburgring mwaka 1976 na kurudi kwenye usukani baada ya wiki sita. Msiba usio na mzee hauendi.

Mashindano yenyewe? Nitayapita haraka, maana hayakuwa na mengi. Schumacher aliongoza akashinda, Martin Brundle wa pili, Berger wa tatu. Berger ndiye wa kumtazama pale jukwaani. Senna alikuwa rafiki yake wa ndani, waliwahi kuwa timu moja McLaren. Ratzenberger alikuwa wa nchi yake, na Wendlinger pia. Alikuwa amefikiria kuacha kabisa, na Monaco hapo hapo ndipo alipowaambia waandishi wa habari kwamba ataendelea. Mwisho wa Julai alishinda Hockenheim, ushindi wa kwanza wa Ferrari tangu 1990. Simtek nao walileta gari moja tu, la David Brabham, na msimu mzima uliobaki magari yao yalibeba juu ya injini maneno ya kumkumbuka Roland. Timu ile haikuwa na pesa za kutosha hata vipuri, lakini nafasi ile hawakuiuza kwa mdhamini.

Usidhani Monaco ndiyo kipimo cha wote. Kila mara watu wameamua tofauti, na si kila mara wamepatia. Mwaka 1970, Jochen Rindt alikufa Monza Jumamosi ya tarehe 5 Septemba akiwa anaongoza msimamo wa ubingwa. Kesho yake mashindano yakaendelea bila timu yake ya Lotus, Clay Regazzoni akashinda kwa Ferrari na Waitaliano wakafurika barabarani kwa furaha. Lotus hawakwenda Canada pia. Walirudi Watkins Glen, Marekani, tarehe 4 Oktoba, na gari wakampa kijana wa Kibrazil, Emerson Fittipaldi, ambaye yalikuwa mashindano yake ya nne tu ya langalanga. Hesabu ilikuwa hivi: Jacky Ickx wa Ferrari alikuwa mtu pekee anayeweza kumpita marehemu kwa pointi, na ili ampite ilibidi ashinde. Bomba la mafuta la gari lake likapasuka, akapoteza muda, akamaliza wa nne. Fittipaldi akashinda. Rindt akawa bingwa wa dunia akiwa kaburini, wa kwanza na wa pekee mpaka leo, na Ickx amesema mara nyingi tangu hapo kwamba hakuutaka ubingwa wa namna ile.

Sasa niambie, mwanangu: kama baada ya Monza wangefuta msimu kwa heshima, Rindt angepewa taji bila mtu kuligombea. Kwa kukimbia tena, Ickx alipewa nafasi yake ya haki ya kulichukua, na akashindwa. Mimi naona taji la namna hiyo lina uzito zaidi. Wengine hawataona hivyo, na siwalaumu.

Las Vegas, Oktoba 2011, waliamua kinyume. Dan Wheldon, bingwa wa 2005 wa IndyCar, mbio za magari za Marekani, alikufa kwenye ajali ya magari 15 mwanzoni mwa mashindano. Madereva waliambiwa habari, na mashindano yakafutwa pale pale. Waliobaki wakarudi barabarani wakazunguka mara tano polepole, watatu watatu bega kwa bega, kwa ajili yake. Kisha wakazima magari. Hapo redio ya jirani ilizimwa kweli. Na kwa Dale Earnhardt, bingwa mara saba wa NASCAR, mbio nyingine za Marekani, aliyekufa Daytona Februari 2001, wiki moja baadaye walikimbia Rockingham. Gari lake alipewa Kevin Harvick, lakini namba 3 iliondolewa ikawekwa 29, na rangi nyeusi ikageuzwa nyeupe. Mtu asikae kwenye kiti cha marehemu kabla kiti hakijabadilishwa kitambaa. Aliyeshinda siku hiyo, Steve Park, alikuwa dereva wa timu iliyomilikiwa na marehemu mwenyewe.

Nije kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo gumu. Damon Hill alipata wapi moyo?

Kwanza ujue ukubwa wa ugumu wenyewe. Mimi kama mkaguzi nitakuambia kinachomtisha fundi baada ya ajali: kutojua kilichovunjika. Ukijua ni tairi, unabadilisha tairi. Ukijua ni breki, unafungua breki. Nakumbuka fundi mmoja wa rali, baada ya gari la mteja wake kupinduka bila sababu inayoonekana, alikaa usiku kucha na gari la pili la timu, taa ya betri mdomoni, anagusa nati moja moja kwa vidole, hata zile ambazo hazina uhusiano wowote na usukani. Nilimuuliza anatafuta nini. Hakunijibu, akaendelea kugusa. Sasa Williams walikuwa katika hali hiyo mbele ya dunia nzima. Shafti ya usukani ya gari la Senna ilikutwa imekatika. Kabla ya msimu ilikuwa imekatwa na kuunganishwa kwa bomba jembamba zaidi, kwa sababu Senna alitaka nafasi zaidi ndani. Je, ilikatika ndiyo akaenda ukutani, au alifika ukutani ndiyo ikakatika? Wengine walisema ni chini ya gari kugusa lami, wengine tairi zilizopoa nyuma ya gari la usalama. Kesi ilikwenda mahakamani Italia ikaisha mwaka 2007, majaji wakiitupia lawama shafti, bila adhabu kwa mtu kwa sababu muda wa kisheria ulikwishapita. Na hata leo wapo wahandisi wasiokubali.

Hill hakuwa na miaka 13 ya kusubiri. Pale Imola aliingia tena kwenye gari la aina ile ile siku ile ile, akamaliza wa sita. Wiki mbili baadaye akaja Monaco peke yake, Williams wamemwachia gari moja, namba 0. Namba hiyo ilitokana na Prost kuondoka na ubingwa wake: namba 1, ambayo ni ya bingwa, haikuwa na mtu, Senna akapewa 2, Hill akapewa sifuri. Alipata nafasi ya nne kwenye mchujo, akaondoka vizuri, akagusana na Mika Häkkinen kwenye kona ya kwanza, na siku yake ikaisha hapo. Maandalizi yote yale, na kona moja tu.

Lakini Damon alikuwa mtoto wa Graham Hill, na hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo.

Tarehe 7 Aprili 1968, Jim Clark, bingwa mara mbili na dereva ambaye wenzake walimwona kama hafikiwi na mtu, alikufa Hockenheim kwenye mbio za daraja la chini. Gari lilitoka barabarani likagonga miti, na hakuna aliyeona vizuri kwa nini. Graham Hill alikuwa dereva mwenzake wa Lotus, na siku ile alikuwa Hockenheim kwenye mbio zile zile. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 7 Mei, Mike Spence, aliyechukua nafasi ya Clark kwenye gari la Lotus la Indianapolis, akafa kwenye mazoezi. Siku tano baada ya hapo Graham alikuwa Jarama, Hispania, ndani ya Lotus, akashinda. Wiki mbili tena akashinda Monaco. Mwisho wa mwaka alikuwa bingwa wa dunia. Damon wakati huo alikuwa mtoto wa miaka 7. Alipofika 15, baba yake akafa kwenye ajali ya ndege.

Kwa hiyo yule kijana uliyemwona kwenye video hakuanza kujifunza msiba Imola. Alikulia kwenye nyumba ambamo wageni wa mezani walipungua mwaka hadi mwaka, na baba aliondoka Alhamisi akarudi Jumatatu. Na kuna fundo jingine: rekodi ya ushindi wa Monaco ilikuwa ya Graham, mara tano, mpaka Senna aliposhinda ya sita mwaka 1993. Aliyemaliza wa pili nyuma ya Senna siku hiyo alikuwa Damon.

Moyo, basi? Sidhani ni moyo kwa maana unayoisema wewe. Profesa Sid Watkins, daktari wa langalanga, amesimulia kwamba Jumamosi ya kifo cha Ratzenberger alimwona Senna akilia, akamshauri aache mbio, waondoke zao wakavue samaki. Senna akamjibu kwamba yako mambo ambayo mtu hana uwezo nayo, na kwamba hawezi kuacha. Wamfuatao wako hivyo hivyo. Mvuvi wa kwenu ukimuuliza alipata wapi moyo wa kurudi baharini, atakutazama. Anaikagua ngalawa zaidi kuliko jana, anaulizia upepo, halafu anasukuma. Hill naye alikagua, akauliza, akafunga mkanda.

Ukimaliza video ya Monaco, tafuta ya Barcelona, tarehe 29 Mei. Utaona kwenye kona moja ya kasi wamepanga tairi kuukuu kama uzio wa mbuzi ili magari yapunguze mwendo: hilo ni dai la kwanza la chama kipya, nao madereva walilisimamia mpaka likatekelezwa. Halafu tazama gari la Williams namba 2. Tofauti na kwa Earnhardt, namba haikuondolewa. Ndani yake yuko David Coulthard, kijana wa Kiskoti, mashindano yake ya kwanza. Gari likamwishia njiani. Aliyefika wa kwanza mstarini alikuwa namba 0, kwenye mashindano ya Hispania, miaka 26 baada ya baba yake. Pale wanapomwonyesha anavua helmeti, punguza sauti ya mtangazaji utazame tu mafundi wa Williams ukutani.